Kupimiwa Linux: Vile Programu Zilikatwa Vipande Ndio Seva Zipumue

Wacha tuanzie kwa duka la mtaa. Unaingia na shilingi ishirini, unapimiwa mafuta ya kupika, unachukua majani ya ile paketi ndogo, unatoka. Hakuna mtu anakulazimisha kubeba mtungi wa lita ishirini. Hiyo ni kadogo, na sisi tunaielewa kuliko wachumi wengi. Sasa, huko kwenye dunia ya Linux kuna watu wamebishana kuhusu kadogo kwa karibu miaka thelathini. Hawakuiita hivyo, lakini swali lilikuwa lile lile: mtu akitaka kijiko, mbona umbebeshe mtungi?

Swali lilihusu seva. Seva ni kompyuta kama zingine, ila imefungiwa chumba fulani, haina skrini, haina kibodi, haina mausi. Mafundi huziita kompyuta zisizo na kichwa. Unaingia ndani yake ukiwa mbali, kwa maandishi matupu, na unaitawala ukiwa kwenye kiti chako Umoja ama Kisauni. Ile app ya kutuma pesa, ile ya kuita boda, tovuti unayofungua kuangalia matokeo, zote huku nyuma zinaongea na mashine za aina hii. Na kwa miaka mingi mashine hizo zilibebeshwa mzigo wa skrini ambayo hazijawahi kuwa nayo.

Watu huona hii kama story ya mafundi tu. Mimi naona ni story ya nani anahesabiwa kuwa mtu wa kawaida. Fuata tu utaona.

Rudi 1984, chuo cha MIT, Marekani. Bob Scheifler na Jim Gettys wanaanzisha mfumo wa kuchora madirisha kwenye skrini, wanauita X. Toleo la 11 linatoka 1987 na jina linaganda mpaka leo: X11. Sasa cheki maajabu yake. X ilijengewa mtandao tangu siku ya kwanza. Programu inaweza kukimbia kwenye mashine kubwa iliyo jengo lingine kabisa, halafu dirisha lake litokee mezani kwako. Pale programu inapokimbia hapahitajiki skrini. Panahitajika tu maktaba, yaani lile faili la kazi za pamoja ambalo programu nyingi hushirikiana, linalojua kuongea lugha ya X.

Wazo tamu sana. Lakini ndani yake ndimo shida yetu ilizaliwa. Kama programu ya seva inaweza kuonekana kwa skrini ya mtu mwingine, basi kuna sababu gani ya kuitengeneza bila X? Weka X kila mahali, maisha iendelee. Na ukishatengeneza programu ikiwa imeunganishwa na maktaba ya X moja kwa moja, haitawaka mahali ambapo hiyo maktaba haipo. Haitasema "sawa, nitafanya kazi bila madirisha". Itakataa kabisa. Kwa hivyo ukitaka programu ndogo ya kuhariri maandishi, unabeba X. X nayo inavuta maktaba zingine, zile zinavuta fonti, fonti zinavuta kitu kingine. Ni kama kualika mtu mmoja harusini, anakuja na matatu nzima.

Linux yenyewe ilitangazwa Agosti 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi kule Helsinki. Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Agosti 1993, mwanafunzi mwingine wa Marekani, Ian Murdock, akatangaza Debian. Jina ni la mpenzi wake Debra na lake Ian, limeunganishwa. (Matoleo yake nayo yana majina ya wahusika wa filamu ya Toy Story: Buzz, Woody, Lenny. Hawa watu hawakuwa na ubaridi.) Wazo la Murdock lilikuwa kwamba Linux ikusanywe kwa vifurushi, kila kifurushi kiwe na mtu wa kukitunza, na watunzaji wawe watu wa kujitolea kutoka popote. Ndani ya kila kifurushi kukawa na maelezo mafupi: hiki kifurushi kinahitaji nini kingine ndio kifanye kazi.

Baadaye hayo mahitaji yakawa na ngazi tatu. Ya kwanza, Depends: bila hiki hakuna kazi. Ya pili, Recommends: karibu kila mtu anakitaka. Ya tatu, Suggests: ukipenda, shauri yako. Shika hiyo ngazi ya pili vizuri, tutairudia, kwa sababu hapo ndipo mambo yalichemka.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Vim. Vim ni programu ya kuhariri maandishi, iliandikwa na Mholanzi Bram Moolenaar, na ilianza kusambazwa 1991. Ukiingia kwa seva yoyote ya Linux leo, uwezekano ni mkubwa utaikuta, ama utakuta ndugu yake. Vim inaweza kukimbia kwa maandishi matupu, na pia inaweza kufungua dirisha lenye menyu na vitufe. Mtunzaji wa Debian akifanya kifurushi kimoja chenye kila kitu, mwenye seva anateseka. Akikifanya bila dirisha, mwenye laptopu analia. Afanye nini?

Jibu lao lilikuwa kuichemsha programu moja mara kadhaa. Yaani unachukua msimbo ule ule, unautengeneza mara ya kwanza ukiwa umezima karibu kila kitu, hiyo inaitwa vim-tiny. Unautengeneza tena na lugha zote za ziada, Python, Perl, Ruby na wenzake, lakini bila dirisha: hiyo ni vim-nox. Nox maana yake hakuna X. Unautengeneza tena na dirisha, hiyo ni vim-gtk. Halafu vitu ambavyo matoleo makubwa yote yanatumia, kama rangi za msimbo na kitabu cha msaada, unavitoa nje na kuviweka kwa kifurushi chao, vim-runtime. Kwenye Debian 12, vim-tiny ikishawekwa haifiki hata MB 2, na vim-runtime peke yake imepita MB 30. Hiyo tofauti ndiyo kadogo.

Sasa kuna kitu hapo kinanikera na kunifurahisha kwa wakati mmoja. Bram Moolenaar alikaa Uganda mwaka 1994 akijitolea kwenye kituo cha watoto kule Kibaale, kusini mwa nchi, sehemu ambayo UKIMWI ulikuwa umeacha mayatima wengi. Aliporudi kwao hakusahau. Alianzisha shirika la kuwachangia, na badala ya kuuza Vim, akasema itumie bure, lakini ukiweza wasaidie watoto wa Uganda. Ukifungua Vim bila faili, ujumbe huo unakuja pale kati ya skrini. Mamilioni ya mainjinia duniani, watu hawawezi kuonyesha Uganda kwenye ramani, wameliona hilo jina kila siku ya kazi. Maelezo kamili yako kwenye faili linaloitwa uganda.txt, ndani ya kitabu cha msaada.

Na kitabu cha msaada kiko wapi? Kwenye vim-runtime. Ile Debian ya kawaida inakuja na vim-tiny, na vim-tiny haihitaji vim-runtime. Kwa hivyo kisu kilipopita, faili la Uganda lilibaki upande wa pili. Hakuna mtu aliyepanga hivyo, na kwa hesabu ya ukubwa ni uamuzi sawa kabisa. Kitabu cha msaada ni kizito, seva haikihitaji saa zote. Lakini ndio nasema: kila ukikata, kuna kitu kinaachwa, na anayeachwa mara nyingi hayuko kwenye chumba.

Java ilipitia njia tofauti na ilisumbua zaidi. Fikiria miaka ya 90 mwishoni. Una seva inayotengeneza grafu za mauzo na kuzituma kwa tovuti kama picha. Hakuna mtu anaangalia skrini, kwa sababu skrini haipo. Lakini Java ya wakati huo, ukiiambia ichore hata mstari mmoja, inatafuta X. Ikikosa, inakufa. Sasa mafundi walifanyaje? Waliwasha Xvfb, programu inayojifanya skrini. Yaani skrini ya uongo, iko kwa memori tu, ndio Java idanganyike na ichore. Manze, hebu fikiria kampuni nzima inategemea televisheni ya kuchorwa ukutani.

Mwaka 2002 Java 1.4 ilileta njia ya kuiambia wazi: hapa hakuna kichwa, chora bila skrini. Halafu Java ilipofunguliwa kuwa programu huria na kuingia kwenye Debian na Ubuntu mwaka 2008, watunzaji waliikata mara moja. Kukawa na openjdk-6-jre-headless kwa seva, na openjdk-6-jre kwa watu wenye skrini. Ya pili inategemea ya kwanza na kuongeza juu yake faili za madirisha. Hapa hawakuichemsha programu mara mbili kama Vim. Walitumia ukweli kwamba Java hupakia sehemu ya madirisha wakati tu inapoihitaji, kutoka kwenye faili lake tofauti. Ukilitoa hilo faili, zilizobaki zinaendelea na kazi. Huu ndio ukataji msafi zaidi, na hauwezekani kama waandishi wa programu hawakuacha mshono mahali pa kukata.

Lakini hata hapo kisu kinaweza kupita vibaya. Kuna watu walifikiria bila skrini ni sawa na bila picha. Si sawa. Seva inatengeneza risiti za PDF, inachora grafu, inapunguza ukubwa wa picha za wasifu. Kazi hizo zinahitaji fonti, na fonti zinahitaji maktaba za fonti. Ukikata mpaka huko, unapata mashine nyepesi sana inayoanguka siku mteja wa kwanza anaomba risiti. Na kosa linalotokea halisemi "sina fonti". Linakutupia kurasa mbili za maneno ambayo hata yaliyoyaandika hayajielewi. Ni hitilafu ya kawaida sana kwa watu wanaokimbiza Java kwenye mifumo iliyopunguzwa mno.

Hata X yenyewe haikupona. Desemba 2005 toleo la X11R7.0 lilivunja mti mmoja mkubwa wa msimbo kuwa mamia ya vipande, kila kimoja na ratiba yake. Hapo ndipo ikawa rahisi kusema: nipe maktaba ndogo ya kuongea X, sitaki madereva ya kadi za picha. Sitakaa sana hapo, ingawa waliofanya hiyo kazi wanastahili soda.

Sasa njoo 2009. Februari mwaka huo Debian walitoa Lenny, na ndani yake kulikuwa na badiliko moja ambalo mtu wa nje hangeliona. Zamani ukiweka kifurushi kwa kutumia apt, unaletewa zile za lazima tu. Kuanzia Lenny, apt ikaanza kuleta na zile za Recommends bila kukuuliza. Ukiomba kijiko unaletewa kijiko, sahani, na meza.

Nia yao haikuwa mbaya. Watumiaji wapya walikuwa wanaweka programu, halafu wanalalamika haina sauti ama haichapishi, kumbe kipande fulani hakikuja. Na sera ya Debian inaeleza Recommends kuwa vitu ambavyo utavikuta pamoja na kifurushi kila mahali, isipokuwa pale penye mpangilio usio wa kawaida. Soma hiyo tena. Usio wa kawaida. Nani si wa kawaida hapo? Mwenye seva. Mwenye mashine ndogo. Mwenye intaneti ya kuhesabu.

Na mwaka huo wa 2009 ndio sisi tulikuwa tunangoja nyaya. Kebo ya SEACOM ilifika Mombasa Julai 2009, na kabla ya mwaka huo intaneti ya hapa iliyoenda nje ilipitia satelaiti, bei ya juu, mwendo wa konokono. Mwanafunzi aliyekuwa anajifunza Linux Nairobi ama Kampala wakati huo, kila MB ya ziada ilikuwa pesa halisi, ama dakika halisi za saiba. Sidai kwamba watunzaji wa Debian walitulenga sisi. Hapana. Walichagua chaguo la kawaida, na chaguo la kawaida huwa limeandikwa na mtu ambaye data yake haiishi. Dawa waliiacha mlangoni, lakini lazima uijue: unaongeza --no-install-recommends kwenye amri yako, na apt inarudi kwa tabia ya zamani. Maneno matatu yaliyounganishwa. Kama hakuna aliyekufundisha, unalipa.

Utaniambia, lakini siku hizi diski ni bei rahisi. Kwako labda. Seva ya kukodi ya bei ya chini kabisa bado ina memori kidogo na diski kidogo, na vijana wengi wa hapa huanzia hapo. Halafu tangu Docker itoke 2013, programu husafiri ndani ya kontena, na kontena moja hunakiliwa mara mia kwenye mashine mia. Uzito wa ziada nao unanakiliwa mara mia. Ndiyo maana Alpine, Linux ndogo ambayo kontena yake ya msingi ni kama MB 5, ilipendwa ghafla. Kampuni kubwa zenye pesa zote duniani ziligundua kadogo. Karibuni.

Na ukubwa sio hata sababu kubwa. Sababu kubwa ilijitokeza Machi 2024.

Kuna maktaba inaitwa liblzma, kazi yake ni kubana faili. Iko ndani ya mradi wa xz, ambao kwa miaka ulikuwa mabegani mwa mtu mmoja wa kujitolea, Lasse Collin. Mtu anayejiita Jia Tan alijiunga, akasaidia kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa funguo. Halafu kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1 akaficha mlango wa siri. Shabaha yake ilikuwa SSH, ile njia ambayo dunia nzima huingilia seva zisizo na kichwa. Tarehe 29 Machi 2024 injinia Andres Freund alitangaza kwamba ameugundua. Alikuwa anapima mwendo wa hifadhidata, akaona kuingia kwa SSH kumechelewa kama nusu sekunde, na badala ya kupuuza, akachimba.

Swali ambalo linatuhusu: SSH na kubana faili wapi na wapi? Waandishi wa OpenSSH hawakuwa wameweka liblzma. Debian na wenzao kadhaa walikuwa wameiongezea SSH kiraka kidogo ili iweze kuuambia mfumo wa systemd kwamba imewaka tayari. Ujumbe mmoja mfupi. Lakini kuutuma walitumia maktaba ya libsystemd, na libsystemd ilikuwa boksi moja lenye kila kitu, pamoja na kazi za kusoma kumbukumbu zilizobanwa, ambazo zilihitaji liblzma. Kwa hivyo seva iliomba kijiko kimoja cha chumvi, ikaletewa duka zima, na ndani ya duka kulikuwa na mtu amejificha.

Bahati nzuri Debian ya kawaida haikuwa imefikiwa, sumu ilikuwa kwenye matoleo ya majaribio. Na watu wa systemd walikuwa wameshaanza kubadilisha maktaba yao ili liblzma ipakiwe tu pale inapohitajika, mtindo ule ule wa Java. Baadaye mwaka huo huo OpenSSH 9.8 ikaja na njia yake ya kutuma ule ujumbe bila kuibeba libsystemd kabisa.

Kwa hivyo mtu akiniambia kukata vifurushi ni uchoyo wa MB, mimi namuonyesha hiyo nusu sekunde. Ila pia nataka uone upande wa pili, kwa sababu kukata si bure. Kila kipande kipya kinataka mtu wa kukitunza, kukijaribu, kujibu barua za watu wenye hasira. Wengi wao hawalipwi. Ukiipasua programu moja kuwa sita, kazi ya mtunzaji inaongezeka na mtunzaji bado ni yule mmoja. Lasse Collin alikuwa amesema hadharani kwamba amechoka, na ni kupitia uchovu huo ndio Jia Tan aliingia. Sisi tunaodai vipande vidogo, mimi nikiwa mbele, huwa hatusemi nani atavibeba.

Kama una seva, hata ya kujifunzia, leo jaribu kitu. Ingia, andika apt-cache depends na jina la kifurushi unachotumia sana, halafu usome ile safu ya Recommends polepole. Utakuta maktaba za X kwa mashine ambayo haijawahi kuonana na skrini. Chagua unachokihitaji na ukiache kingine. Na ukitaka kusoma lile faili la Uganda, itabidi uongeze vim-runtime. Hizo MB 30 mimi huwa nazilipa.